Koo la Atim wa Mabati

Wenzangu mlio kwenye chumba cha koo,

Kila kijana anayeletwa chumbani kwetu huvumilia siku chache tu, kisha hunivuta pembeni: "Mzee Bahati, ni kweli Atim wa Mabati ni mgonjwa wetu? Na ile sauti inatoka wapi?" Nilikuwa nikijibu kwamba habari za mgonjwa ni mali ya mgonjwa. Sasa nimestaafu, ninyi ndio mtakaoshika kamera akija, na Atim mwenyewe ameniruhusu nieleze. Alisema, akiniita tabibu kwa Kiganda, "Andika yote, musawo, ila jina la mvulana niliyemtungia wimbo wa kwanza usilitaje. Ameoa." Jina hilo sitalitaja. Mengine ndiyo haya.

Vyeo na mshahara nitaviruka. Cheo kilinibadilishia kitambulisho. Kazi ilibaki ileile ya kutazama ndani ya vinywa vya watu.

Nilifika Kampala kutoka Uvira nikiwa nesi kijana, na vyeti vya Kifaransa ambavyo kila niliyemwonyesha alivigeuza juu chini kwa heshima na kunirudishia. Kilichonipa kazi ni Kiswahili. Kliniki ya masikio, pua na koo ilipokea familia nyingi za polisi na wanajeshi, wengi wao watu wa kaskazini, pamoja na Wakongo wenzangu waliokuwa wakichuuza vitenge mjini. Manesi waliokuwapo walijua Kiganda na Kiingereza, na mgonjwa wa koo ana shida ya kutosha bila kutafutiwa mkalimani.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Sista Namatovu, mwanamke mnene, mpole, aliyekuwa na masikio makali kuliko mtu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi. Alinionyesha kioo cha koo. Ninyi mmekuta kamera na skrini. Sisi tulikuwa na kioo cha mviringo, kidogo kama sarafu, juu ya mpini mrefu. Unakipasha juu ya taa ya spiriti ili kisipate ukungu wa pumzi, kisha unakigusisha kwenye mgongo wa mkono wako kabla hakijaingia kinywani mwa mtu. Kikikuunguza wewe, kitamuunguza na yeye. Mgonjwa mwenyewe anashika ulimi wake kwa kitambaa cha shashi, anauvuta nje, anasema "iii", na wewe unakuwa na muda mfupi sana wa kuona nyuzi za sauti kabla hajatapika. Baadhi yao walitapika. Viatu vyangu vya kwanza vya kazi havikumaliza mwaka.

Lakini Sista hakuniruhusu kushika kioo mapema. Aliniweka nyuma ya pazia, wagonjwa wanaingia, wanasalimia, na mimi nabashiri ugonjwa kwa salamu tu.

"Usikimbirie kutazama, Bahati," alikuwa akiniambia, kwa ile r ya Waganda inayojitokeza mahali pa l. "Sikiriza."

Mmoja wa wagonjwa wangu wa mwanzo alikuwa mwadhini wa msikiti mdogo, mteremkoni Kibuli. Sauti yake ilikuwa imekatika kabisa, akatuambia amefikia kuogopa alfajiri. Tulimtazama, tukakuta vinundu kwenye nyuzi, tukamkataza kuadhini kwa muda. Hakupona. Nikapata hamu ya kujua kulikoni, nikamfuata siku moja mchana. Kumbe adhana haikuwa na kosa lolote. Mchana alifundisha watoto Kurani katika chumba kilichopakana na mafundi wa kuchomelea milango ya chuma, na kila aya aliipigia kelele ili ishinde zile mashine. Dawa yake ilikuwa kuhamisha darasa. Tangu hapo nimekuwa na tabia ya kwenda kuona mahali sauti inapofanyia kazi. Wengine kliniki waliita tabia hiyo uzururaji.

Ndipo siku moja akaja Sajenti Okello.

Aliingia na sare zake za polisi, kofia mkononi, na nyuma yake mkewe, mwanamke wa Arua aliyejifunga ushungi, amembeba mtoto wa kike mgongoni. Mtoto alikuwa na umri wa kwenda tu chekechea. Nilikuwa nyuma ya pazia, na kabla hawajasalimia nikasikia kitu: kila mtoto alipovuta pumzi, kulikuwa na mluzi mwembamba, kama upepo unaopenya chini ya mlango.

"Musawo," sajenti alisema, "hii mtoto usiku hapana lala. Nakoroma kama mzee ya kunywa waragi. Watu ya kambi nasema ni asma. Dawa ya asma tumepatia yeye mpaka imechoka."

Sista alimwuliza mama anaona nini. Mama akafikiri.

"Mimi nikiwa nje napika kwa sigiri, siwezi kujua kama analia," alisema. "Lazima niingie nimwangalie uso."

Sista Namatovu aliliacha faili mezani, akamchukua mtoto mikononi, akaweka sikio lake kwenye koo lile dogo. Akaniita nifanye vivyo hivyo. Huyo ndiye alikuwa Atim. Alinuka maziwa na majivu, akanikazia macho bila kupepesa.

Mtoto huwezi kumtazama kwa kioo. Alilazwa, akapewa usingizi, na Daktari Ssali, bingwa wetu wa upasuaji, akaingiza mrija wa chuma kinywani na kutazama kwa hadubini. Daktari Ssali alikuwa na desturi ya kunong'ona tenzi za kanisani akifanya kazi. Siku hiyo utenzi ulikatika katikati. Akaniambia, "Njoo uone."

Nilitarajia kuona nyuzi mbili nyeupe. Niliona vishada vya vinyama vyeupe, kama mtama ulioiva, vimejaa kila upande. Pumzi yote ya mtoto ilikuwa inapita katika upenyo mwembamba kuliko bua la ngano. Ni chunjua, zile zile za vidoleni, ila zimeota kooni. Huletwa na kirusi ambacho mtoto huweza kukipata anapozaliwa. Tuliziondoa kwa koleo ndogo, punje baada ya punje. Tabu yake ni kwamba ukiziondoa, zinarudi.

Za Atim zilirudi kwa kasi. Tukatoa, zikarudi, tukatoa. Mwishowe ziliziba mno, na Daktari Ssali akamtoboa tundu shingoni, akaweka bomba dogo la kupumulia. Sajenti alilitazama lile bomba kwa muda mrefu.

"Hii tundu mtafunga lini?"

"Hatujui, afande," nikamjibu.

"Niambie tarehe."

"Hakuna tarehe, afande. Hata sisi tungeitaka."

Alitingisha kichwa. Mtu aliyezoea kupangiwa zamu mwezi mzima haelewi ugonjwa usiokuwa na ratiba. Lakini alijifunza kusafisha bomba kabla hata mkewe hajajifunza, na alilisafisha kama anavyosafisha bunduki, kila kipande kimepangwa juu ya taulo.

Mtu mwenye bomba shingoni hana sauti, kwa sababu hewa inatokea pale tunduni kabla ya kufika kwenye nyuzi. Sisi huwafundisha watu wazima kuziba tundu kwa kidole wanapotaka kusema. Mtoto mdogo tulimwona bado hajawa tayari kufundishwa. Atim hakusubiri. Siku moja aliletwa kliniki, akaniona nimebeba trei, akapandisha kidole shingoni, akaziba, na kusema wazi, kwa sauti nzito iliyokwaruza:

"Sindano hapana!"

Chumba kizima kilicheka. Mama yake alikaa chini sakafuni. Alikuwa hajawahi kuisikia sauti ya mtoto wake kutoka upande wa pili wa chumba.

Kuanzia hapo nilianza kumtazama kwa udadisi, zaidi ya mgonjwa wa kawaida. Alikuwa na pumzi kidogo na kidole kimoja, na ilibidi apange: neno gani liwe na sauti, wapi afungue avute hewa, wapi afunge. Nilipita kambini kwao jioni moja kumpelekea baba yake mipira ya kufyonzea makohozi, nikawakuta watoto wa polisi wakicheza gwaride uwanjani. Aliyekuwa akitoa amri ni Atim, mdogo kuliko wote. Kidole shingoni: "Kushoto... geuka!" Anafungua, anavuta. "Mbele... tembea!" Amri za gwaride ni fupi, zinatosha ndani ya pumzi ndogo. Wale wakubwa walimtii.

"Kwa nini mmempa yeye?" nilimuuliza mvulana mmoja.

"Sauti yake iko ya afande," akajibu, kana kwamba nimeuliza jambo la kipuuzi.

Alipokua, chunjua zikapunguza kasi, kama zinavyofanya kwa wengine bila sisi kujua sababu. Tulilitoa bomba, tundu likafungwa, likabaki kovu kama kitufe. Sauti iliyobaki ilikuwa ya chini na yenye makwaruzo. Shuleni alijiunga na kwaya. Mwalimu alimpanga mstari wa nyuma na kumwambia afungue mdomo pamoja na wenzake, ila asitoe sauti. Aliniambia hayo mwenyewe alipokuja kuangaliwa, bila kulalamika, kama mtu anayetoa taarifa ya hali ya hewa. Nilimuuliza alifanya nini.

"Nilifungua mdomo," alisema. "Nikahesabu wengine wanavuta pumzi wapi. Wanavuta vibaya, musawo. Wanavuta wote mara moja."

Baadaye aliacha kuja. Ndivyo wanavyofanya wakipona, na ndivyo tunavyotaka, ingawa hatusemi.

Miaka ikapita. Sista Namatovu akastaafu akarudi kwao Masaka kulima kahawa, kamera zikaja, taa ya spiriti ikafungiwa kabatini. Siku moja nilikwenda Wandegeya kuchapisha maelezo ya mafunzo kwa manesi wapya. Mnavijua vile vibanda vya kuchapishia karibu na chuo kikuu, wanafunzi wamebanana na tasnifu zao, mashine zinanguruma. Nikiwa kwenye foleni nikasikia mtu akipiga kelele nyuma ya mashine: "Karatasi zinatoka tupu! Nani ameweka wino?" Sikuhitaji kuona kovu.

"Atim," nikaita.

Alitokeza, msichana mrefu, vidole vyeusi kwa wino. "Musawo Bahati! Bado unachoma watu sindano?"

Tulisalimiana, nikamuuliza habari za wazazi, na mwishoni, kwa sababu nilisikia kitu kipya kwenye pumzi yake, aina ya nguvu kutoka chini, nikamuuliza anafanya nini na sauti yake.

"Naimba."

"Kwaya?"

"Roki."

Nilidhani sikusikia vizuri. Alinieleza huku akipanga kurasa. Kato, mwanafunzi wa uhandisi, alikuja kuchapisha mradi wake akamsikia akigombana na mashine. Akauliza ni nani aliyeweka rekodi ya gitaa lenye mngurumo. Alipoonyeshwa kwamba ni binti wa kibandani, aliacha mradi wake mezani, akamwomba amgombeze na yeye. Kato na wenzake walikuwa na gitaa, ngoma na kila kitu isipokuwa mwimbaji. Walifanyia mazoezi mtaa wa Bwaise, kwenye ghala lililoezekwa na kuzungushiwa mabati, ambalo mvua ikinyesha linaingia maji mpaka wanapandisha vipaza sauti juu ya matofali. Majirani waliwaita "wale wa mabati", na jina likabaki.

Nilikwenda Jumamosi mchana. Niliruka mitaro miwili, nikakosea wa tatu, nikafika na suruali iliyolowa. Ghala lilikuwa linatetemeka. Nilisimama mlangoni nikamwona Atim mbele ya kipaza sauti, amefumba macho, na kinywani mwake kunatoka mngurumo ambao kwa elimu yangu yote ulipaswa kumfanya bubu kabla ya Jumapili.

Lakini nilitazama shingo yake. Mishipa haikutuna. Mabega yametulia. Alipomaliza alinywa maji, akaniambia "Karibu, umelowa," kwa sauti ileile niliyoisikia kibandani, wala haikuwa mbovu zaidi kuliko mwanzo. Niliwahi kuona wahubiri wakibwabwaja saa moja na kutoka wakinong'ona. Huyu alinguruma mchana kutwa na hakudhurika.

"Ile sauti unaitoa wapi?" nikamuuliza.

"Sijui. Ya kawaida ikikataa, kuna nyingine juu yake. Nabisha hodi, inafungua."

"Njoo tuitazame."

Akanitazama kwa wasiwasi. "Mkiikuta, mtaikata?"

"Tutaitazama tu."

Alikuja. Daktari Ssali, nywele zimekuwa nyeupe, alipitisha kamera nyembamba puani mwake hadi juu ya koo, nasi tukageukia skrini. Uzi wa kushoto ulikuwa umekakamaa kwa makovu ya kazi yetu, haukutikisika. Alipozungumza, wa kulia ulijitahidi peke yake. Kisha Daktari akamwambia, "Imba ile ya Bwaise."

Juu ya nyuzi za sauti kila mmoja wetu ana mikunjo mingine miwili, minene. Inafunga koo unapomeza, na vinginevyo haina kazi inayosikika. Vitabu vingine huiita nyuzi za bandia. Atim alipoanza kunguruma, mikunjo ile ilisogeleana taratibu kama pande mbili za pazia, ikagusana, ikaanza kutetemeka. Nyuzi halisi zilikuwa zimepumzika chini yake. Daktari alimwomba arudie. Akarudia. Akaomba tena. Mfagizi aliingia, wanafunzi wakaingia, mtu wa maabara akaja na chupa zake mkononi.

"Nimeifanya kazi hii maisha yangu yote," alisema Daktari Ssali, "na hii ni mara ya kwanza naona za bandia zikifanya kazi ya halisi namna hii." Alikuwa amefurahi kama mtoto. Atim, mwenye mpira puani, hakuweza kucheka, akanyoosha kidole gumba.

Bendi ikapanda kwa kasi ambayo mimi sikuielewa. Mtu aliwapiga picha wakicheza wamesimama kwenye maji ya mafuriko, viatu vya mpira miguuni, na picha hiyo ikazunguka kwenye simu za watu. Waliitwa redioni, wakaitwa kumbi za mjini, kisha wakaalikwa kufungua tamasha kubwa la uwanjani. Nyimbo zake nyingine zilikuwa za Kiswahili cha kambini, nyingine za Kiacholi. Aliyekasirika ni Sajenti Okello. Alinijia kliniki peke yake, bila sare.

"Mimi nimelinda hiyo koo kuliko bunduki," alisema. "Sasa yeye nataka pasua na gitaa. Wewe musawo, ongea na yeye."

Nilimweleza tulichokiona kwenye skrini. Alisikiliza mpaka mwisho. "Hiyo yote mnaona leo," akasema. "Kesho je?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Kabla ya tamasha, Atim alifungua mlango wa chumba chetu akasema "Habari za kazi," na kabla hajamaliza nikausikia: mluzi mwembamba wa kuvuta pumzi. Hatukutazamana. Nilichukua kamera. Zilikuwa zimerudi, kundi moja mbele nyuzi zinapokutana, na jingine juu ya mkunjo wa kulia, ule wa bandia.

Daktari Ssali aliwaita wote wawili, binti na baba. Hakuzungushazungusha.

"Kwa mgonjwa mwingine, mkunjo wa juu tungeukata kwa upana bila kusita, kwa sababu hakuna anayeusemea. Wewe unausemea. Na kule mbele nikikwangua pande zote mbili kwa siku moja, vidonda vinaweza kushikana na koo likawa jembamba zaidi. Nikikata kidogo, zitarudi mapema. Nikikata sana, utapumua vizuri, lakini ule mngurumo sina uhakika nao."

"Kata yote," sajenti alisema papo hapo. "Mimi nataka mtoto napumua."

Atim alifuta mikono mapajani. Kisha akamgeukia.

"Baba, ile bomba nakumbuka. Ulikuwa unaisafisha. Nakumbuka harufu ya sabuni."

"Basi unajua."

"Najua. Lakini nikipumua tu, baba, halafu nifanye nini na hiyo pumzi?"

"Utakuwa hai!"

"Kuwa hai nimeshafanya. Tangu mtoto mimi nafanya kazi hiyo tu."

Sajenti akamgeukia Daktari.

"Daktari," Atim akasema, "nipunguzie. Usinimalizie. Upande mmoja sasa, mwingine baadaye. Nitakuja kila mkiniita."

"Na mluzi ukirudi kabla ya tamasha?" Daktari akauliza.

"Sipandi jukwaani."

Daktari alimtazama sajenti, na si binti, ingawa binti alikuwa mtu mzima mwenye uamuzi wake. Sajenti alikunja kofia yake ya kiraia mara mbili. "Hiyo siku mimi nitasimama karibu ya jukwaa," akasema. "Nikisikia pumzi iko mbaya, nitapanda, nitatoa yeye."

"Sawa, baba," alisema Atim.

Siku ya upasuaji Daktari aliagiza ile video ya mngurumo iwekwe kwenye skrini ya chumba cha upasuaji, irudie bila kukoma, ili kabla ya kugusa aone ni ukingo gani unaotetemeka. Nilishika vifaa. Aliondoa punje moja moja, ananyanyua macho kwenye skrini, anarudi kwenye hadubini. Utenzi hakunong'ona hata mmoja.

Baada ya hapo ilikuwa amri ya kimya, asiseme neno mpaka vidonda vipone. Nilipokwenda kumwangalia kambini nilimkuta amekaa kibarazani, anaandika kwenye simu anapotaka kitu, na baba yake anamletea uji. Sajenti alikuwa ananong'ona. Hakuna aliyemkataza kusema; alinong'ona tu, siku zote zile, na akimwita jirani alimwita kwa mkono.

Siku ya kujaribu, nilimwambia aanze kwa mdomo uliofungwa: "Mmm." Ikatoka, lakini chini sana, chini ya pale tulipoizoea. Alijaribu kuipandisha, haikupanda. Niliona machozi yanamlenga. Kato, aliyekuwa amesimama karibu na dirisha na gitaa lake ndani ya mfuko, alisema, "Irudie." Akarudia. Kato akatoa gitaa, akalegeza nyuzi moja baada ya nyingine, akapiga, akalegeza tena.

"Koo haliwezi kupanda," alisema. "Basi gitaa zitashuka. Tatizo liko wapi?"

Walizishusha nyimbo zote. Wajuzi wa muziki husema kwamba hapo ndipo Mabati walipopata ule uzito wao. Mimi huwaacha waseme.

Tamasha lilianza jua likiwa bado juu. Sajenti alisimama kando ya jukwaa, shati limechomekwa, mikono nyuma, mpaka walinzi wakadhani ni mkubwa wao na kumpigia saluti. Nilikuwa ubavuni pake. Atim aliingia, uwanja ukalipuka, na sajenti akainamisha kichwa. Hakumtazama. Alikuwa anasikiliza pale kati ya mistari, anapovuta hewa.

Wimbo wa kwanza, wa pili. "Iko napumua?" akaniuliza.

"Anapumua vizuri, afande."

Wimbo mwingine. "Bado?"

"Bado, afande. Safi."

Ndipo magitaa yakapungua, Atim akaanza kuimba kwa Kiacholi, taratibu, kwa ile sauti mpya ya chini. Watu wengi pale hawakujua maneno yake, nami pia sikuyajua. Nilimuuliza sajenti, "Hapa anasema nini?"

Aliinua kichwa kama mtu aliyeamshwa. Nadhani mpaka dakika ile alikuwa hajasikia neno hata moja, alisikia pumzi tu. Akageuka, akamtazama binti yake.

"Naimba juu ya mvua ya nyumbani," alisema. "Jinsi inakuja kutoka mlima, na watu nakimbiza simsim ya kuanika ndani. Yeye hajaishi huko hata siku moja." Hakuniuliza tena habari za pumzi.

Hayo yamepita. Upande wa pili ulifanywa, na chunjua zimeshawahi kurudi, na zitarudi tena; mtazitoa kidogo kidogo, na mtaiweka ile video kwenye skrini. Hilo ndilo agizo langu, na Daktari Ssali alinisisitizia niliandike.

Wiki yangu ya mwisho kazini Atim alikuja kuangaliwa. Alikaa kwenye benchi na wengine, akisubiri zamu, bibi mmoja amelalia bega lake. Baba yake alibaki koridoni, kwa sababu hata leo humsindikiza. Nilimaliza kumtazama, nikatoa kamera, kisha nikamuuliza swali ambalo kwa miaka yote sikuwahi kumuuliza: "Ukinguruma, unajisikiaje mle ndani?"

"Hujawahi kujaribu?"

"Mimi?"

"Musawo! Umetazama makoo maisha yako yote." Alisimama, akaniwekea mkono wake mmoja tumboni, na mkono wangu mwenyewe akauweka shingoni kwangu. "Jifanye unanyanyua gunia. Pale pumzi inapokwama, hapo. Usisukume. Bisha hodi."

Nilijaribu, nikakohoa. Nikajaribu tena, ikatoka hewa. Mara ya tatu kitu kikashuka na kufunga, kinene, chenye joto, na chini ya vidole vyangu shingo yangu ikaanza kutetemeka kama bati mvua inapoanza. Mngurumo ukajaa chumba. Uliniogopesha na sikutaka uishe.

Mlango ulifunguliwa kwa nguvu. Sajenti Okello alikuwa amesimama pale, na nyuma yake benchi zima la wagonjwa.

"Nani nakufa humu?"

"Hakuna anayekufa, baba," alisema Atim. "Funga mlango. Ndiyo kwanza ameanza."

Mlango ukafungwa, nami nikavuta pumzi nijaribu tena.